Kosa la Kumnyima Mtu Bunduki

Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza kumiliki bunduki au risasi mtu yeyote aliyepatikana na hatia ya kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi kifungo cha mwaka mmoja. Sheria haiulizi kama alifungwa kweli, kama alimwaga damu au alidanganya kwenye fomu, wala ni miaka mingapi imepita tangu siku ya hukumu. Akikutwa na bastola chini ya kiti cha gari, au hata na risasi moja iliyosahaulika kwenye droo, anaweza kufungwa hadi miaka 15. Na kama nyuma yake kuna hatia tatu za ukatili au za biashara kubwa ya dawa za kulevya, miaka hiyo 15 inakuwa kiwango cha chini ambacho jaji hana ruhusa ya kukipunguza. Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam huenda hayo yasishangaze sana, kwa sababu huku bunduki ni jambo la kibali: raia anaomba, anachunguzwa, na mwenye mamlaka anaweza kumkatalia. Marekani mambo yamekaa kinyume. Kuwa na silaha ni haki iliyoandikwa kwenye Katiba tangu mwaka 1791, na mwenye wajibu wa kujieleza ni serikali inayotaka kumnyima mtu. Ndiyo maana suala la nani anyimwe limewagawa majaji wa nchi hiyo vibaya kuliko karibu suala lolote jingine la jinai katika miaka ya karibuni. Ninavyoona mimi, katazo hili lina haki na lina faida pale linapofuata hatari ya mtu. Linapofuata urefu wa adhabu iliyoandikwa kitabuni, tena likadumu mpaka kaburini, linawakamata watu ambao hawakuwa tishio kwa yeyote, na nguvu ambazo zingetumika kuwafuata walio tishio zinapotea.

Halikuzaliwa na upana huu. Sheria ya kwanza ya aina hiyo katika ngazi ya serikali kuu ilipitishwa mwaka 1938, wakati wa Franklin Roosevelt, na ililenga waliotiwa hatiani kwa ukatili: mauaji, ubakaji, utekaji nyara, kuvunja nyumba, kushambulia kwa nia ya kuua. Hao walikatazwa kupokea silaha zilizovuka mpaka wa jimbo. Mwaka 1961 Bunge likaiondoa orodha hiyo na kuweka badala yake kipimo kimoja cha muda wa kifungo. Kisha ukaja mwaka 1968, Martin Luther King akauawa kwa risasi mwezi Aprili na Robert Kennedy mwezi Juni, na katika sheria mbili za mwaka huo, ya mwisho ikitiwa saini na Lyndon Johnson mwezi Oktoba, katazo likapanuka mpaka likagusa hata kuwa na silaha tu nyumbani. Meno yalikuja baadaye. Sheria ya Brady ya mwaka 1993, iliyopewa jina la msemaji wa Ronald Reagan aliyejeruhiwa kwa risasi mwaka 1981, ililazimisha wauzaji wenye leseni kumchunguza mnunuzi, na tangu Novemba 1998 uchunguzi huo unapitia kwenye mfumo wa FBI ambao mara nyingi hujibu wakati mteja bado amesimama kaunta. Kati ya sababu zote za kukataliwa kwenye mfumo huo, hatia ya jinai ndiyo inayoongoza.

Kipimo cha mwaka 1961 kina urahisi wake, kwani karani anahitaji kusoma mstari mmoja tu wa rekodi. Lakini tazama kinachokusanywa na wavu huo. Mwaka 1995 mwanamume mmoja wa Pennsylvania, aliyekuwa akikata nyasi kwa ujira wa dola zisizofika 10 kwa saa na kulisha mke na watoto watatu, alikiri kwamba fomu ya kuomba stempu za chakula haikutaja kipato chote cha familia. Mke ndiye aliyeijaza, yeye akatia saini. Alirudisha dola 2,458, akalipa faini ya dola 100, akawekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu, na hakulala jela hata usiku mmoja. Jimbo lenyewe liliita kosa hilo dogo. Ila kwa kuwa adhabu yake kitabuni inaweza kufika miaka mitano, mbele ya serikali kuu alihesabiwa sawa na mnyang'anyi wa benki. Alipojaribu kununua bunduki mwaka 1998 alikataliwa bila kuelewa kwa nini. Baadaye mke wake alimnunulia moja ya kuwindia paa, naye alipokuja kugundua kwamba kosa lile la zamani linamkataza, aliiuza kwa muuzaji wa silaha. Huyo ndiye mlalamikaji katika kesi ya Range, ambayo nitairudia. Sheria hiyohiyo, kwa upande mwingine, imewaacha nje waliotiwa hatiani kwa kuvunja sheria za ushindani wa biashara: mwenye kampuni aliyekula njama ya kupandisha bei kwa mamilioni ya watu anabaki na bunduki zake kabatini. Na tangu Mei 2024, jopo la raia wa New York lilipompata Donald Trump na hatia 34 za kughushi kumbukumbu za biashara, kipimo hicho kinamgusa hata mtu anayelindwa na walinzi wenye silaha saa 24. Sielewi ni usalama wa nani unaopatikana hapo.

Wapo wanaosema tatizo si upana, tatizo ni sheria yenyewe. Mhalifu, wanasema, hafuati sheria. Bunduki ataipata tu, na anayezuiwa ni mwema peke yake. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria miongoni mwa wafungwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kati ya waliokuwa na bunduki walipotenda kosa, asilimia 43 waliipata mtaani kwenye soko la magendo, na kama asilimia 10 tu walitoka nayo kwenye duka au muuzaji wa aina hiyo. Lakini takwimu hiyo inaweza kusomwa kwa namna nyingine: mlango wa duka umefungwa kiasi kwamba wengi wamelazimika kuzunguka nyuma, ambako silaha ni ghali zaidi, haina dhamana, na muuzaji anaweza kuwa askari kanzu. Swali la maana ni kama kumzungusha mtu hivyo kunapunguza madhara, na hapo tuna ushahidi kutoka California. Kuanzia mwaka 1991 jimbo hilo lilianza kuwanyima bastola, kwa miaka 10, waliotiwa hatiani kwa makosa madogo ya ukatili. Daktari Garen Wintemute na wenzake waliwalinganisha waliokataliwa chini ya sheria mpya na watu wa rekodi za namna hiyohiyo waliokubaliwa muda mfupi kabla. Waliofanikiwa kununua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa karibu asilimia 29, wa kukamatwa kwa kosa jipya la bunduki au la ukatili. Kwa makosa mengine, ya wizi mdogo na mfano wake, makundi mawili hayakutofautiana, na hilo ndilo linalonishawishi: kama waliokataliwa wangekuwa tu watu watulivu zaidi, utulivu wao ungeonekana kila mahali.

Ushahidi huo usivutwe kupita urefu wake. Watafiti walipopima jimbo zima la California, miaka 10 baada ya sheria, hawakuona mabadiliko katika idadi ya mauaji kwa bunduki. Faida inayoonekana kwa mtu mmojammoja inaweza kumezwa na ukubwa wa jimbo, hasa pale utekelezaji unapolegea. Ila zingatia ni nani waliopimwa: watu wenye rekodi ya ukatili, walionyimwa kwa muda maalumu. Hakuna utafiti ninaoufahamu unaoonyesha kwamba kumnyima bunduki aliyedanganya kwenye fomu ya chakula kumeokoa maisha ya mtu. Anayetetea katazo pana kwa kutumia takwimu za watu wa ngumi na visu anakopa ushahidi wa wengine.

Muda nao una hadithi yake. Wizara ya Sheria iliwafuatilia wafungwa waliotoka magereza ya majimbo 30 mwaka 2005, ikakuta asilimia 83 wamekamatwa tena ndani ya miaka tisa. Namba hiyo hutajwa sana na wanaotaka katazo la maisha. Kinachotajwa kidogo ni kwamba asilimia 44 ya wote walikamatwa katika mwaka wa kwanza tu. Hatari hujaa mwanzoni, kisha hupungua. Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2009, walichukua rekodi za watu waliokamatwa New York mwaka 1980 na kuuliza ni lini mtu mwenye doa anakuwa hana tofauti na mwenzake wa rika lake. Kwa kijana wa miaka 18 aliyekamatwa kwa unyang'anyi jibu lilikuwa kama miaka minane bila kukamatwa tena. Kwa shambulio la kudhuru na kwa kuvunja nyumba, kama miaka minne. Unyang'anyi ni kosa zito, na bado miaka minane. Katazo la miaka 40 kwa mtu ambaye sasa ana wajukuu haliwezi kujengwa juu ya hesabu hiyo.

Bunge lenyewe liliwahi kulijua hili. Sheria ina kifungu kinachomruhusu mtu kuomba arudishiwe haki yake, akionyesha kwamba mwenendo wake hautahatarisha usalama wa umma. Maombi yalikuwa yakishughulikiwa na ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na milipuko. Mwaka 1992 Bunge likapiga marufuku idara hiyo kutumia hata dola moja kuyachunguza maombi ya watu binafsi, na marufuku hayo yakarudiwa katika bajeti mwaka baada ya mwaka. Kifungu hakikufutwa, kilinyimwa fedha. Matokeo yake yalionekana katika kesi ya Bean, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2002. Mfanyabiashara wa silaha wa Texas alivuka mpaka kwenda kula chakula cha jioni Nuevo Laredo, maofisa wa Meksiko wakakuta boksi la risasi lililosahaulika ndani ya gari, akahukumiwa huko kwa kuingiza risasi. Aliomba haki yake, ATF ikasema haina fedha za kumsikiliza, naye akaenda mahakamani. Majaji wote tisa wakasema kwamba kutokujibiwa si kukataliwa, na asiyekataliwa hana cha kukatia rufaa. Miaka mitatu baadaye mahakama hiyohiyo iliamua kwamba hukumu za nchi za nje hazihesabiki kabisa kwenye katazo hili. Lakini kwa mwenye hukumu ya ndani, milango ya serikali kuu ilibaki ileile: msamaha wa rais, ambao ni bahati nasibu, na maombi yasiyo na wa kuyasoma.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote linahusu jinsi hukumu zinavyopatikana. Kesi nyingi mno za jinai Marekani, zaidi ya tisa katika kila 10, huishia kwa mshtakiwa kukiri baada ya kupatana na mwendesha mashtaka. Aliyempiga mtu kwa kitako cha bastola anaweza kutoka na hatia ya wizi tu, kwa sababu shahidi aliogopa au mwendesha mashtaka alikuwa na mafaili mengi. Tukisema tuangalie makosa ya ukatili peke yake, je, hatutampa bunduki mtu huyu? Tutampa, kama tutasoma jina la kosa na kufunga faili. Kwa hiyo sipendekezi kurudi kwenye orodha fupi ya mwaka 1938. Kuvunja nyumba kubaki ndani, na biashara ya dawa za kulevya pia, kwa kuwa ni biashara inayolindwa kwa silaha. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ya kusema kwamba kwa kuwa baadhi ya wezi ni wakatili waliojificha, basi kila mwenye hatia ahesabiwe mkatili milele na asisikilizwe. Samaki mmoja akioza wote wameoza: ni kanuni inayowafaa wavuvi, lakini mahakama ina uwezo wa kumtazama samaki mmojammoja. Mwenye kosa la makaratasi asikatazwe, au akatazwe kwa muda mfupi. Mwenye kosa la ukatili akatazwe kwa muda mrefu, kisha mzigo wa kuonyesha kwamba amebadilika uwe wake.

Wengine wanajibu kwamba aliyevunja sheria nzito amejitoa katika kundi la raia wema, na haki hii ni ya raia wema. Jibu zuri kwao liliandikwa mwaka 2019 na Amy Coney Barrett, kabla hajaingia Mahakama ya Juu, alipotofautiana na wenzake katika kesi ya mtu aliyeilaghai bima ya afya ya wazee kwa soli za viatu zisizokidhi viwango. Barrett alipekua historia na kuona kwamba haki zinazofungwa na wema wa raia ni zile za pamoja, kama kupiga kura na kukaa kwenye jopo la mahakama. Silaha ni haki ya mtu binafsi, na kilichowafanya watawala wa zamani wainyime ni hofu ya hatari. Historia hiyo, hata hivyo, haipendezi kuitegemea. Waliohesabiwa hatari ni pamoja na Wakatoliki wa Uingereza, wenyeji wa asili wa Amerika, na watu weusi; Mississippi mwaka 1865 iliwakataza watumwa walioachwa huru kuwa na silaha bila kibali. Ndiyo sababu hatari ipimwe kwa matendo ya mtu mwenyewe. Na wanaosema majaji hawawezi kuipima wasome uamuzi wa Rahimi wa Juni 2024, ambapo Mahakama ya Juu, kwa kura nane dhidi ya moja, ilikubali kwamba mtu aliyeonekana na mahakama kuwa tishio kwa usalama wa mwenziwe anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Majaji hupima hatari kila siku wanapoamua dhamana.

Rangi ya ngozi haiwezi kuachwa nje ya hesabu hii. Kwa makadirio ya watafiti, kufikia mwaka 2010 kama asilimia 8 ya watu wazima wa Marekani walikuwa na hatia ya kosa kubwa la jinai, lakini kwa wanaume weusi ilikuwa kama theluthi moja. Serikali kuu huwatia hatiani watu zaidi ya 7,000 kwa mwaka chini ya kifungu hiki na vifungu ndugu, na zaidi ya nusu yao ni weusi. Mawakili wa wasiojiweza wa New York, wakiwemo wa Bronx, waliwashangaza wengi walipoiandikia Mahakama ya Juu katika kesi ya Bruen, iliyohusu vibali vya bunduki vya jimbo hilo, wakiwaunga mkono wenye bunduki, kwa kuwa wateja wao ndio waliokuwa wakifungwa. Wahamiaji wanaongezewa adhabu nyingine: mkimbizi wa Kikongo mwenye ukaazi wa kudumu akitiwa hatiani kwa kifungu hiki, sheria ya uhamiaji inaliweka kosa lake kwenye daraja zito kabisa na kumfungulia njia ya kufukuzwa nchini. Lakini nusu na zaidi ya wanaouawa kwa bunduki Marekani nao ni weusi. Kulifuta katazo lote kwa jina la usawa ni kuwasahau hao.

Na wakati magereza yanajazwa kwa njia hii, kazi rahisi zaidi huachwa. Mwaka 1995 mtu mmoja alitiwa hatiani Mississippi kwa shambulio zito. Mwaka 2014, Illinois, alipewa kadi ya kumiliki silaha kwa sababu uchunguzi haukuiona hukumu ile, akanunua bastola dukani. Miezi hiyohiyo akaomba kibali cha kutembea nayo, alama za vidole zikamfichua, kadi ikafutwa. Alitumiwa barua ya kumtaka aisalimishe silaha. Hakuna aliyekwenda kuichukua. Februari 2019, siku aliyofukuzwa kazi kwenye kiwanda cha vali mjini Aurora, aliitumia kuwaua wafanyakazi wenzake watano. Bunge lilipopandisha adhabu kutoka miaka 10 hadi 15 mwaka 2022, halikugusa kasoro hiyo. Illinois iliibana sheria yake mwaka 2021. California imekuwa na orodha ya watu wa namna hii na askari wa kuwafuata tangu mwaka 2006, na bado majina hujazana kwa maelfu kuliko askari waliopo. Askari anayemfuata mwenye rekodi ya kushambulia, akagonga mlango, akaondoka na bastola, analeta usalama zaidi ya mwendesha mashtaka anayeongeza miaka mitano kwenye hukumu.

Kwa sasa sheria imekaa vipandevipande. Mahakama ya Rufaa ya Philadelphia ilimpa ushindi mlalamikaji wa kesi ya Range mwaka 2023, na mara ya pili Desemba 2024, baada ya Mahakama ya Juu kuirudisha kesi ili itazamwe upya chini ya Rahimi. Mahakama ya Rufaa inayosimamia Ohio na Michigan inamruhusu mtu ajaribu kuthibitisha kwamba si hatari. Nyingine zinasema mwenye hatia ni mwenye hatia, hakuna cha kuthibitisha. Mwaka 2025 Wizara ya Sheria iliichukua kutoka ATF mamlaka ya kurudisha haki, ikaiweka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na kati ya watu 10 wa kwanza kunufaika alikuwemo mwigizaji Mel Gibson, mwenye hatia ya mwaka 2011 ya kumpiga aliyekuwa mwenzi wake. Mlango uliofungwa kwa miaka 33 ulifunguliwa, na mapema kabisa ukampitisha mtu kutoka kundi la ukatili wa nyumbani, ambako ushahidi wa hatari ni mzito kuliko popote, kabla hata ya vigezo kutangazwa kwa umma. Mkata nyasi wa Pennsylvania alihitaji kesi ya miaka minne kufika hapohapo. Na mtu mwenye hatia kama yake anayeishi kilomita chache kusini, upande wa pili wa mpaka wa Maryland, yuko chini ya mahakama ya rufaa iliyokwisha kusema kwamba haitamsikiliza.